Rima la Chaji: Athari za Joto katika Unasaji wa Umeme kwenye Tando za Polima

Mwaka 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipoenea duniani, hospitali za nchi nyingi zilikumbwa na uhaba wa barakoa za aina ya N95. Barakoa hiyo ilibuniwa ivaliwe kwa muda mfupi kisha itupwe, lakini wauguzi wengi walilazimika kuivaa ile ile kwa siku kadhaa. Swali likazuka ambalo kwa sura yake lilikuwa jepesi: je, barakoa iliyotumika yaweza kupashwa joto hadi virusi vife, kisha ikavaliwa tena? Kwamba virusi hudhurika kwa joto ni jambo lililojulikana. Ambalo halikuwa dhahiri ni iwapo barakoa yenyewe ingesalimika. Kisa ni kwamba barakoa hiyo haichuji hewa kwa nyuzi zake pekee. Huchuja pia kwa umeme uliofungiwa ndani ya nyuzi hizo, umeme usioonekana wala kuhisiwa na anayeivaa, na ambao joto laweza kuutorosha.

Makala haya yananuia kueleza namna umeme wa aina hiyo unavyonaswa na jinsi joto linavyouathiri. Hoja inayojengwa ni kuwa joto halina tabia moja mbele ya umeme ulionaswa. Joto hilo hilo linaloufungulia mlango ndilo pia linaloutia kufuli. Kinachoamua ni wakati linapotumiwa na kina cha mahali ambapo umeme umekaa. Na kwa kuwa wengi wa wasomaji wa jarida hili ni watu wa lugha, makala yatasita hapa na pale kuyapima maneno, maana katika somo hili neno moja lililoteuliwa vibaya latosha kumpa msomaji picha isiyo sahihi.

Umeme unaokaa

Kila aliyewahi kusugua kalamu ya plastiki kwenye nywele kavu, kisha akaiona ikivuta vipande vya karatasi, ameuona umeme unaokaa. Msuguano huacha chaji juu ya plastiki, na kwa kuwa plastiki ni kihami, chaji hizo hazipati njia ya kuondokea. Lau kalamu ingekuwa ya shaba, zingetiririka mara moja hadi mkononi. Hata hivyo, ukaaji huo ni wa muda. Baada ya dakika chache kalamu husahau kwamba iliwahi kusuguliwa, na siku za mvua husahau upesi zaidi.

Plastiki ni mojawapo ya vitu vinavyoitwa polima, yaani vitu ambavyo molekuli zake ni minyororo mirefu ya viungo vinavyojirudia. Mfuko, chupa ya maji, ganda la waya wa umeme na kamba ya manila ni polima. Nyingi kati yazo ni vihami. Suala lililowashughulisha wanasayansi kwa muda mrefu ni iwapo kihami chaweza kufanywa kihifadhi chaji zake kwa miaka, jinsi sumaku inavyohifadhi nguvu zake. Mwingereza Oliver Heaviside alikipa kitu hicho jina mwaka 1885 hata kabla hakijatengenezwa vizuri, akilifinyanga kwa kufuata neno la Kiingereza linalotaja sumaku. Kiswahili hakiwezi kuufuata mchezo huo, kwa kuwa neno sumaku limetoka kwingine na halina mwisho unaoweza kuazimwa. Njia iliyobaki ni kulitohoa: elektreti. Ni neno la kigeni, lakini halimdanganyi mtu.

Elektreti za kwanza zilizodumu zilitengenezwa na Mjapani Mototaro Eguchi, ambaye maelezo yake kwa Kiingereza yalichapishwa mwaka 1925. Malighafi yake haikuwa plastiki. Ilikuwa nta ya karnauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya mnazi uotao Brazili, ikachanganywa na ulimbo pamoja na nta kidogo ya nyuki. Mchanganyiko huo uliyeyushwa, ukawekwa katika uga mkali wa umeme, kisha ukaachwa upoe na kuganda huku uga ungalipo. Uga ulipoondolewa, nta ilibaki na umeme, upande mmoja chanya na wa pili hasi.

Linalostahili kuzingatiwa hapo ni utaratibu wenyewe. Joto lilitangulia, umeme ukatiwa nta ikiwa ya moto, na baridi ikaja kabla ya umeme kuondolewa. Ukiupindua utaratibu huo, kwa mfano ukaondoa uga kabla nta haijaganda, hupati kitu. Sehemu ya umeme wa Eguchi ilitokana na molekuli zilizogeuzwa zikaelekea upande mmoja, na sehemu ilitokana na chaji zilizonaswa. Makala haya yanaishughulikia aina hii ya pili.

Kutoka nta hadi utando

Nta huvunjika, haikunjiki, wala haitandazwi ikawa nyembamba kama karatasi. Kwa hivyo elektreti zilibaki kwa muda mrefu kuwa ajabu la maabara. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1962 katika maabara za Bell nchini Marekani, pale Gerhard Sessler, mzaliwa wa Ujerumani, na James West, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Virginia mwaka 1931, walipotumia utando wa polima kutengeneza maikrofoni.

Maikrofoni ya aina waliyoishughulikia hufanya kazi kwa vipande viwili vilivyokaribiana, kimoja kikiwa kigumu na kingine kikiwa utando mwembamba. Sauti huutikisa utando, umbali kati ya vipande hubadilika, na badiliko hilo huzaa ishara ya umeme. Sharti ni kwamba pawepo chaji kati ya vipande hivyo. Kabla ya hapo, chaji hiyo ilidumishwa kwa chanzo cha umeme cha volti nyingi, jambo lililoifanya maikrofoni kuwa kubwa na ya gharama. Sessler na West waliiweka chaji ndani ya utando wenyewe ikakaa humo.

Utando wa kwanza waliotumia ulikuwa wa Mylar. Ulifanya kazi, ila chaji zake zilififia, hususan palipokuwa na joto na unyevu. Ndipo Teflon ilipochukua nafasi yake, polima ile ile ambayo wengi huijua kwa sufuria zisizogandisha chakula. Teflon ilizishika chaji kwa miaka. Mwaka 1968 kampuni ya Sony ilizifikisha maikrofoni za elektreti sokoni, na kwa miongo iliyofuata ndizo zilizotia fora katika simu, vinasa sauti na vifaa vya kuwasaidia wenye uziwi, hadi maikrofoni za silikoni zilipozipokonya simu za mkononi.

Wanafunzi wa fasihi simulizi wana sababu ya kulijali jambo hili. Katika enzi ya kaseti, mtafiti aliyekwenda kwa mtambaji wa ngano akiwa na kinasa sauti chenye maikrofoni ya ndani alikuwa, mara nyingi, amebeba elektreti bila kujua. Sauti ya mtambaji ilinaswa kwa sababu kulikuwa na chaji zilizonaswa kabla yake, kiwandani. Kitenzi ni kile kile. Na iwapo mtafiti huyo alikiacha kifaa chake garini juani kutwa nzima, Lodwar au Garissa, kilichoamua iwapo kingeendelea kufanya kazi vyema kwa miaka ni jinsi chaji hizo zilivyokaa ndani ya utando.

Mtego au rima?

Fizikia husema kwamba chaji hunaswa katika mitego. Hilo ndilo neno linalomjia upesi anayetafsiri, na si kosa. Tatizo ni kwamba mtego, kwa maana yake ya kawaida, hauna kina. Mnyama ama amenaswa kitanzini, ama hakunaswa. Ilhali jambo la kwanza ambalo mwanafizikia huuliza kuhusu mahali palipoinasa chaji ni kina chake. Husema mahali hapa ni pa kina kifupi, pale ni pa kina kirefu, na nadharia yote husimama juu ya tofauti hiyo. Msomaji anayewaza kitanzi hawezi kuelewa kitanzi chenye kina ni kitu gani.

Kiswahili kina neno linalofaa zaidi, nalo ni rima: lile shimo ambalo wawindaji hulichimba njiani na kulifunika kwa majani ili mnyama atumbukie. Rima ni mtego, na papo hapo ni shimo. Anayetumbukia katika rima la kimo cha goti hutoka kwa hatua moja. Anayetumbukia katika rima la kimo cha watu wawili huruka na kuruka, na huenda asitoke kamwe. Hiyo ndiyo picha ambayo fizikia inaitaka. Waundaji istilahi wetu wamezoea kukimbilia utohozi au tafsiri sisisi pale ambapo msamiati wa uwindaji, uvuvi na uhunzi ungewatosheleza. Katika makala haya, basi, neno rima litatumika.

Marima ya chaji hayachimbwi na mtu. Hutokana na kasoro za polima yenyewe: ncha za minyororo, pindo zake, viungo vya kemikali vilivyoharibika, mabaki ya dawa zilizotumiwa kiwandani. Zaidi ya hayo, polima nyingi zina sehemu mbili zilizoingiliana. Kuna sehemu ambazo minyororo imejipanga sawasawa kama fuwele, na kuna nyingine ambamo imesokotana ovyo kama nywele za aliyetoka usingizini. Mipakani mwa sehemu hizo ndipo marima mengi yanapopatikana. Mengine yako usoni pa utando, mengine ndani.

Chaji iliyotumbukia haitulii. Kila kitu chenye joto hutikisika katika kiwango cha atomi, na mtikiso huo huirusha chaji juu mara kwa mara, kana kwamba inajaribu kutoka. Kina cha rima hupimwa kwa kipimo kiitwacho elektronivolti, na uwezekano wa jaribio moja kufaulu hupungua upesi mno kadiri kina kinavyoongezeka. Hebu ichukuliwe, kama inavyofanywa katika hesabu za namna hii, kwamba chaji hujaribu kutoka mara trilioni moja kwa sekunde. Katika nyuzijoto 27 za Selsiasi, ambalo ni joto la kawaida la chumba huku pwani, chaji iliyo katika rima la elektronivolti 1.0 hukaa kwa wastani wa muda wa saa 17 hivi. Ongeza kina kiwe 1.2, nayo hukaa takriban miaka minne na nusu. Kina kikiwa 1.4, hukaa zaidi ya miaka 10,000. Kina hakikuongezeka hata mara moja na nusu, ila muda umetoka siku isiyotimia ukapita umri wa maandishi yote ya binadamu.

Hesabu hiyo hiyo ikirudiwa kwa nyuzijoto 85, mambo hubadilika. Chaji ya rima la 1.0 hutoka baada ya dakika mbili. Ya 1.2 hukaa kwa saa 21 hivi. Ya 1.4 hukaa mwaka mmoja na nusu na zaidi kidogo. Hesabu hizi ni za kukadiria tu. Haziingizi, mathalani, uwezekano wa chaji kutoka katika rima moja na kutumbukia katika jingine. Hata hivyo zinatosha kuonyesha jambo ambalo maneno matupu hayalionyeshi. Saa moja ndani ya tanuri la nyuzijoto 85 huyafagia kabisa marima ya 1.0, hupunguza takriban asilimia tano tu ya chaji zilizo katika yale ya 1.2, na hayagusi yale ya 1.4 kwa kiasi cha kuonekana. Joto, basi, huchagua.

Kabla, wakati na baada

Wapiga ngoma hupasha ngozi ya ngoma moto kabla ya kucheza. Ngozi iliyolala na unyevu hulegea, na moto huikausha na kuikaza ikatoa sauti iliyo wazi. Utando wa polima nao hupashwa joto kabla ya kutiwa chaji, na faida mojawapo ni hiyo hiyo ya kufukuza unyevu, kwani maji ni njia ambayo chaji huitumia kutoroka.

Lakini kuna zaidi ya unyevu. Joto lililo chini ya kiwango cha kuyeyusha huipa minyororo ya polima nafasi ya kujongea. Iliyosokotana hufumuka, iliyokaribia kujipanga hujipanga, na sehemu za fuwele hukua. Kwa kufanya hivyo joto huyachimba marima upya: mengine hufukiwa, mengine hupanuliwa, mengine huhamia kwingine. Ndiyo maana tando mbili zilizotengenezwa kwa chembechembe za gunia moja la plastiki, moja ikapozwa ghafla kwa maji baridi na nyingine ikaachwa ipoe polepole, zaweza kuzishika chaji kwa namna tofauti kabisa. Ni vyema kutahadhari hapa. Wapo wanaodhani kwamba kadiri fuwele zinavyoongezeka ndivyo chaji zinavyokaa zaidi, na dhana hiyo haina msingi wa jumla. Fuwele chache kubwa zaweza kuwa na mipaka michache kuliko fuwele nyingi ndogo, na mipaka ndiyo yenye marima. Kila polima ina kiwango chake, na mtafiti hulazimika kukitafuta kwa majaribio.

Joto likitumiwa wakati wa kutia chaji, kazi yake ni nyingine. Chaji inapowasili kwenye utando haichagui rima; hutumbukia katika lililo karibu, na aghalabu hilo huwa fupi tena la usoni. Utando ukiwa wa moto, chaji hiyo hurushwa nje upesi, ikatangatanga, ikatumbukia tena, ikarushwa tena, hadi iangukie rima ambalo hata joto hilo haliwezi kuitoa. Aidha, katika kutangatanga huko hutambaa kutoka usoni na kuingia ndani, mbali na unyevu, vumbi na vidole. Utando unapopozwa, milango hufungwa. Eguchi aliufanya utaratibu wa namna hii kwa nta yake, na ungali ndio msingi hadi leo.

Matumizi ya tatu, yale ya baada, ndiyo yanayowashangaza wanaolisikia suala hili kwa mara ya kwanza. Utando umekwisha kutiwa chaji, una volti za kutosha, kisha mtengenezaji huurudisha katika tanuri na kuziacha baadhi ya chaji zitoroke. Kwa nini mtu apoteze alichokwisha kukipata? Jibu limo katika zile hesabu za juu. Chaji za marima mafupi zingetoroka vyovyote vile, ikiwa si leo basi baada ya wiki, na maikrofoni ingebadilika sauti mikononi mwa mnunuzi. Ni heri zitoroke kiwandani. Utando unaobaki una volti pungufu, lakini zilizobaki ni za kutegemewa. Wahandisi huuita utaratibu huu kuzeesha: utando huzeeka kwa saa chache kiasi ambacho vinginevyo ungezeeka kwa miaka.

Kina cha marima hujulikanaje, ilhali hakuna darubini inayoyaona? Hapa pia joto ndilo shahidi. Utando wenye chaji huwekwa kati ya vipande viwili vya metali na kupashwa joto kwa mwendo wa taratibu, nyuzijoto chache kwa dakika, huku mkondo mdogo wa umeme unaotoka ukipimwa. Mwanzoni hakuna kitu. Kisha mkondo hupanda, ukafika kileleni, ukashuka. Marima ya kina fulani yamekwisha kumwaga yaliyokuwamo. Joto likizidi, kilele kingine hujitokeza, cha marima ya kina kirefu zaidi. Mchoro unaopatikana hufanana na safu ya vilima, na kila kilima husimulia habari ya kundi lake. Ubaya wa mbinu hii ni kwamba humaliza kile inachokichunguza: mwisho wa kipimo utando huwa mtupu.

Kwa mbinu hiyo na nyinginezo imebainika, kwa mfano, kwamba katika aina ya Teflon iitwayo FEP chaji hasi huhimili joto kuliko chaji chanya. Ndiyo sababu maikrofoni za Teflon kwa kawaida hutiwa chaji hasi.

Korona mbili

Kitambaa cha ndani cha barakoa ya N95 ni cha polipropini, polima ambayo huyeyuka karibu na nyuzijoto 160. Hutengenezwa kwa kuipuliza polima iliyoyeyuka kwa hewa ya moto hadi itoke nyuzi nyembamba mno, ambazo hulala ovyo zikawa kama blanketi. Lau kitambaa hicho kingetegemea nafasi kati ya nyuzi peke yake, kingelazimika kusukwa kwa kubana sana, na mvaaji angekosa pumzi. Badala yake nyuzi hutiwa chaji, nazo huvuta chembe zinazopita kama ile kalamu inavyovuta karatasi. Kwa njia hiyo kitambaa huachia hewa ipite huku kikikamata angalau asilimia 95 ya chembe za vipimo vidogo kama maikromita 0.3.

Njia ya kuzitia nyuzi chaji, ambayo Peter Tsai wa Chuo Kikuu cha Tennessee alichangia pakubwa kuiendeleza, huitwa mtoko wa korona. Ncha kali au waya mwembamba hupewa volti nyingi, hewa iliyo karibu ikapasuka kuwa ayoni, na mwanga hafifu ukatokea kuuzunguka kama taji. Kutokana na taji hilo, korona kwa Kilatini, likapatikana jina. Virusi vya korona navyo viliitwa hivyo kwa sababu ya umbo la taji linaloonekana kwa hadubini. Ikawa kwamba mwaka 2020 watu walijikinga na korona kwa kitambaa kilichotiwa chaji kwa korona, na maneno hayo mawili hayana udugu mwingine isipokuwa huo wa taji. Tsai alikuwa amestaafu wakati huo, akarejea kazini kutafuta jawabu la swali lililotajwa mwanzoni mwa makala haya.

Wengine pia walilitafuta. Utafiti uliowahusisha Yi Cui na Steven Chu wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliochapishwa mwaka huo huo wa 2020, ulilinganisha njia kadhaa za kutakasa na kupima ni kiasi gani cha uwezo wa kuchuja kilibaki. Katika nyuzijoto 85, penye unyevu wa asilimia 30, kitambaa kilipashwa joto mara 50 bila kupoteza uwezo kwa kiasi cha maana. Katika hali kavu, hata nyuzijoto 100 hazikukidhuru sana katika mizunguko 20. Mvuke wa maji ulianza kukidhuru baada ya mizunguko michache. Alkoholi na dawa ya klorini, vitu ambavyo mtu yeyote angevifikiria kwanza, vilikiharibu mara moja.

Matokeo hayo yanaafikiana na picha ya marima. Chaji zilizo katika marima marefu ya polipropini hazikutishika na nyuzijoto 85. Ambazo zingetishika huenda zilikwisha kuondoka zamani, barakoa ingali ghalani. Alkoholi haihitaji kuirusha chaji juu ili itoke. Hulowesha uso wa uzi, hujipenyeza, na kuifungulia njia ambayo haikuwapo. Aliyeipulizia barakoa yake dawa ya kuua viini alirudi kazini na kitambaa kilichoonekana safi, kilichonukia usafi, na ambacho kinga yake nyingi ilikuwa imetoweka. Hakuna alama yoyote ya nje ambayo ingemjulisha. Inafaa kuongeza kwamba kipimo hicho kilihusu uchujaji. Kukaa vizuri kwa barakoa usoni ni suala jingine, na mkanda uliolegea huharibu kila kitu.

Pale chaji isipotakiwa

Kufikia hapa chaji iliyonaswa imezungumziwa kama mali ya kutunzwa. Ipo sehemu moja ambapo ni adui. Kebo za umeme za volti nyingi, hasa zile za mkondo usiobadili mwelekeo zinazolazwa chini ya bahari, hufunikwa kwa polithini ambayo minyororo yake imeunganishwa kwa kemikali ili isiyeyuke. Chaji huingia polepole ndani ya ganda hilo na kutumbukia katika marima yake. Zikirundikana, uga wa umeme wa sehemu hiyo huwa mkali kuliko mhandisi alivyokadiria, na mwelekeo wa umeme ukigeuzwa ghafla, mrundiko huo huweza kulipasua ganda.

Kemikali inayotumiwa kuiunganisha minyororo huacha mabaki, mojawapo likiwa asetofenoni, na mabaki hayo huchangia mrundiko huo. Kwa hivyo kebo iliyokamilika haipelekwi baharini papo hapo. Hulazwa katika chumba chenye joto, kwa kawaida kati ya nyuzijoto 60 na 80, kwa siku kadhaa au wiki, hadi mabaki hayo yavuke kupitia ganda na kutoka. Kadiri ganda linavyokuwa nene ndivyo siku zinavyoongezeka, na kupandisha joto ili kuharakisha kazi hakufai kupita kiasi, kwa sababu polithini yenyewe hulainika, na kebo nzito iliyozungushwa kwenye gurudumu lake ikaanza kubonyea kwa uzito wake.